Ulingo Una Mwenyewe

Msomaji, ikiwa umekulia Tuala, katika nchi ile iliyo kusini ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kati ya Rongai na Kitengela, hapana shaka umepata kuona mieleka ya Wamarekani. Kama si nyumbani kwenu, basi katika banda la video au katika simu ya rafiki. Tena umepata kuwasikia watu wazima wakisema kwamba mchezo huo ni uwongo mtupu, na kwamba kijana mwenye akili hapotezi saa yake kuutazama. Wewe nawe, ukitaka kuutetea, umejibu kwamba huo ni mchezo tu. Nami nasema kwamba nyote mmekosea, mkubwa na mdogo, na kosa lenu ni moja: mnagombania jambo dogo, na kubwa mmeliacha lipite.

Jambo dogo ni kwamba mshindi hupangwa kabla ya pambano. Naam, hupangwa. Mwaka 1989 wenye mieleka wenyewe walikiri hivyo mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey. Lakini kupangwa si aibu, kwa maana hata tamthilia ya shuleni hupangwa. Mtu aliyeinuliwa juu akabwagwa huanguka kwa uzito wake wote, na shingo yake imo mikononi mwa mwenziwe. Katika mieleka ya wawili wawili, ambapo mmoja hupigana na mwenziwe hungoja pembeni, nje ya kamba, mpaka aguswe mkono, watu wanne hushirikiana ili pasiwe na wa kuvunjika. Huo ni ufundi, na fundi hatukanwi kwa kuijua kazi yake.

Jambo kubwa ni hadithi inayouzwa pamoja na mchezo. Hadithi hiyo hueleza nani mwema na nani mwovu, taifa gani ni jasiri na taifa gani ni la hila. Hapo ndipo uwongo ulipo, wala hauishi ulingoni. Hutoka na watazamaji, ukaenda nao nyumbani.

Wafikirie Wajapani wawili walioitwa Mr. Fuji na Professor Toru Tanaka. Mwaka 1972 walitwaa ubingwa wa timu za wawili wawili katika chama kikubwa cha mieleka cha mashariki ya Marekani, nao waliupata mara tatu. Kazi yao ilikuwa kuchukiwa. Fuji alikuwa akiwatupia wapinzani chumvi machoni, refa akiwa ametazama kwingine, na watu waliojaa ukumbini wakapiga kelele za hasira. Kisa cha hasira hiyo kilikuwa wazi: mwezi wa Desemba 1941 ndege za Japani ziliishambulia bandari ya Pearl Harbor, nao Wamarekani hawakusahau. Basi kumbe hao wawili hawakutoka Japani! Fuji alikuwa Harry Fujiwara, na Tanaka alikuwa Charles Kalani, aliyepata kuwa askari katika jeshi la Marekani lenyewe. Wote wawili walizaliwa Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, na bandari iliyopigwa ni ya visiwa hivyo hivyo. Siku ile walikuwa watoto wa nchi iliyoshambuliwa. Walipokua, wakalipwa kuwa sura ya adui aliyeishambulia.

Labda utasema, hayo ni ya Wajapani na Wamarekani, yatuhusu nini sisi? Sikiliza. Mwaka 1982, katika mji wa Memphis, wenye mieleka walimchukua Mmarekani mweusi, jina lake James Harris, mzaliwa wa Mississippi, wakampaka rangi mwilini, wakamvisha nguo ya kiunoni, wakampa mkuki, wakamwita Kamala, jitu la Uganda. Wakatangaza kwamba alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Wakamnyima maneno, kwa kuwa katika hadithi yao mtu wa Uganda hasemi, hunguruma tu na kujipiga tumbo. Wakamwekea mchungaji aliyefunika uso na kuvaa kofia ya kikoloni, amwongoze kama anavyoongozwa mnyama. Kwa miaka mingi mamilioni ya watu walijifunza kwa njia hiyo Mwafrika wa Mashariki ni mtu wa namna gani. Wakati huo Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa kimesimama Kampala tangu mwaka 1922, lakini nani aliyetaka kuonyeshwa Makerere?

Wako watakaonijibu kwamba Harris alikubali mwenyewe na kwamba alilipwa. Kweli, alikubali, wala mimi simlaumu mtu aliyekuwa akitafuta chakula cha watoto wake. Katika uzee wake alilalamika kwamba alilipwa kidogo kuliko wenzake. Kisukari kilimfanya akatwe miguu yote miwili, na mwaka 2020 akafa. Mtu huyo ndiye aliyebeba mzigo, si aliyeuza bidhaa. Wahenga walisema, mwamba ngoma huvutia kwake. Basi anayetaka kujua ngoma imevutwa upande gani asimtazame mchezaji, amtafute aliyeiwamba.

Sasa twende Japani kwenyewe tuone ulingo ulipopata mwenyewe mwingine. Mwezi wa Februari 1954, katika mji wa Tokyo, Rikidozan na mwenziwe Masahiko Kimura walipambana na ndugu wawili wa Kanada, Ben na Mike Sharpe. Televisheni ilikuwa na mwaka mmoja tu katika nchi hiyo, na watu walisongamana barabarani mbele ya televisheni zilizowekwa hadharani. Huko mambo yaligeuka: Mzungu mrefu ndiye aliyekuwa mwovu, na taifa lililoshindwa vitani mwaka 1945 likajiona limesimama tena. Wanafunzi wa Rikidozan, Giant Baba na Antonio Inoki, waliungana wakawa timu ya mabingwa, kisha mwaka 1972 kila mmoja akaanzisha chama chake. Tangu hapo kijana wa Kijapani mwenye nguvu hakulazimika kuvuka bahari akatupe chumvi ili apate mkate.

Lakini usishangilie upesi. Rikidozan, shujaa yule wa Wajapani, alizaliwa Korea, na jina lake la asili lilikuwa Kim Sin-rak. Alificha asili yake, kwa sababu Wakorea walidharauliwa katika nchi hiyo hiyo iliyompigia makofi, na alipokufa mwezi wa Desemba 1963 kwa jeraha la kisu, wengi waliomlilia hawakujua. Basi ulingo ulipata mwenyewe mpya, na bado palikuwa na mtu aliyenyamazishwa. Kwa hiyo maswali ni mawili. La kwanza, ulingo ni wa nani? La pili, ni nani asiyeruhusiwa kusema jina lake ndani yake?

Wala usidhani kwamba Kajiado imesalimika. Picha ya moran, amevaa shuka nyekundu, ameshika mkuki, amesimama kwa mguu mmoja, imeuza bidhaa katika nchi ambazo Mmasai hajapata kuzikanyaga. Viatu vilivyobuniwa Uswisi katika miaka ya 1990 viliuzwa kwa jina la Wamasai. Katika picha hizo moran hasemi. Hana shule, hana simu, hana madai ya ardhi, hana shauri la ng'ombe wanaokufa kwa ukame. Ana mkuki tu. Umbali kati ya moran huyo na Kamala ni mdogo mno, na wewe unayeishi Tuala wajua kwamba jirani yako Mmasai huenda ni mwalimu wako wa hisabati.

Nifanye nini basi, utauliza, niache kutazama? La hasha. Katika wilaya ya Mukono, mashariki ya Kampala, vijana wa Uganda wamejitengenezea ulingo wa udongo, wakauzungushia nguzo za miti, nao hupigana mieleka wakajionyesha kwa ulimwengu kwa kamera zao wenyewe. Majina wamejipa wenyewe, na wanaposimama kusema, husema. Hao wameijibu hadithi ya Kamala vizuri kuliko hotuba yoyote, kwa kuwa waliitoa wenyewe picha ya Mganda mwana mieleka.

Tazama, basi, msomaji, lakini tazama ukiuliza. Mtu anapokuletea mwovu, uliza ni nani aliyemvika uovu huo na anapata faida gani. Fanya hivyo mbele ya mieleka, mbele ya tangazo la viatu, na hasa mbele ya jukwaa la siasa, ambako nako watu hupangiwa kabila la kuchukia na kabila la kupenda. Na kalamu uliyonayo mkononi usiitumie kujibu maswali ya mtihani peke yake. Tuala ina hadithi zake, na zisipoandikwa na watu wake, yuko mtu mbali aliye tayari kuziandika, naye hatakuuliza jina lako.