Asiyepima mto wake hupimiwa na jirani

Mvua ikinyesha Mosocho, maji huishia wapi? Usiseme “mtoni” ukaachia hapo. Vijito vya Gusii vyote humwaga maji yake Ziwa Victoria. Gucha, kwa mfano, hutoka nyanda za Nyamira na Kisii, hufika Migori ukiitwa Kuja, kisha huingia ziwani. Kutoka hapo maji hutokea Jinja, Uganda, yakawa Nile, hadi Misri. Kwa hivyo kijito cha kwenu kina wadau wengi kuliko unavyodhani.

Na wadau hao wamekuwa wakihesabu kitambo. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, iliiahidi Misri kwamba hakuna mradi wa kupunguza maji ya Nile utakaojengwa huku bila idhini yake. Bwawa la Owen Falls lilipopangwa Jinja, makubaliano ya 1949 yaliiruhusu Misri kumweka mhandisi wake pale pale. Kisha 1959 Misri na Sudan zikagawana mto: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Bilioni 10 zilizobaki zilihesabiwa kuwa mvuke. Sisi je? Hata kitini hatukuwepo. Waliokuwa na vitabu vya vipimo ndio waliogawa.

Tangu 2010 kuna mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, na mojawapo ya misingi yake ni kubadilishana takwimu. Kenya iliutia saini mwaka huo huo. Lakini ulipoanza kutumika Oktoba 13, 2024, haikuwa miongoni mwa nchi sita zilizouridhia. Tuseme basi kesho tumeuridhia. Mezani tutapeleka namba gani?

Kupima mto si uchawi. Ubao wenye alama za sentimita hukitwa ukingoni, na mtu huusoma kila siku. Mara kwa mara mafundi hupima upana, kina na kasi ya maji. Vikizidishwa pamoja, unapata mita za ujazo kwa sekunde. Ugumu ni kuendelea bila kukosa. Ubao ukisombwa na mafuriko usirudishwe, rekodi inakatika, na mwaka uliopotea hauwezi kupimwa tena.

Faida yake tuliiona ziwa liliposhuka sana kati ya 2004 na 2006. Wengine walilaumu ukame, wengine mabwawa ya Jinja. Kwa kuwa kina cha ziwa kimerekodiwa tangu miaka ya 1890, wataalamu waliweza kutenganisha sababu hizo: ukame ulichangia, na maji yaliyoachiliwa kupita kiasi kilichokubaliwa yalichangia pia. Bila rekodi hiyo, tungebaki kurushiana maneno.

Sasa rudi Gusii. Wazee husema vijito vimepungua, na lawama huangukia mikaratusi ya kandokando ya mto. Huenda ni kweli. Lakini mvua nayo je? Na pampu zinazovuta maji huko juu? Ukikosa vipimo vya miaka mingi, huwezi kumjibu chifu wako, sembuse Cairo.

Kwa hivyo usingoje wanadiplomasia. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa maji vijijini. Uliza cha kwenu kiko wapi na vijana ni wangapi ndani yake. Kipengele cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi iandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji: mto wetu unapimwa wapi, na mara ya mwisho ulisomwa lini? Jibu likija bila tarehe, hapo ndipo kazi yako inaanzia.