Dirisha la Mbao Lisihukumiwe kwa Rangi Yake

Mtu anunuapo nyumba iliyokwisha kukaliwa na wengine, jambo la kwanza limkeralo aghalabu huwa ni madirisha. Rangi imebanduka, ubao mmoja haufungi, mwingine haufunguki, na kizingiti cha chini kimegeuka rangi kikawa cheusi. Katika kata ya Kalemela, wilayani Busega, kama kwingineko mkoani Simiyu, ushauri apewao mnunuzi wa namna hiyo siku hizi ni mwepesi: ng'oa yote, weka alumini. Ushauri huo hutolewa haraka mno, mara nyingi kabla mtu yeyote hajauchoma ule ubao kwa ncha ya bisibisi apate kujua kama umeoza au umechakaa rangi tu. Yafaa jambo hili lifikiriwe upya, na walimu wa sayansi ndio hasa wawezao kuwasaidia wananchi kulifikiri, maana ndani ya dirisha moja kuukuu mna fizikia, kemia na elimu ya viumbe kwa pamoja.

Ubao haufi kwa uzee. Huuawa na maji, na wadudu wakaongezea. Kuvu waozeshao mbao hawastawi katika ubao ambao unyevu wake ni chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Mwanafunzi wa sekondari aweza kulipima jambo hilo kwa mzani wa maabara: achukue kipande kidogo cha ubao, akipime, akikaushe katika tanuri kwa nyuzijoto 103 za Selsiasi mpaka uzito wake usipungue tena, kisha apime mara ya pili. Kama kipande kilikuwa gramu 46 na sasa ni gramu 40, maji yaliyotoka ni gramu 6, nazo zikigawanywa kwa 40 ni asilimia 15. Ubao huo uko salama, hata ukiwa na sura mbaya. Sehemu ya kutiliwa shaka ni kizingiti cha chini, mahali ambapo maji ya mvua hutuama, na ncha za chini za miimo, ambako nyuzi za ubao hunyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta. Seremala mwangalifu aweza kukata sehemu hiyo peke yake, akaunga kipande kipya, akakiinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yateremke. Ikiwa bisibisi inazama kama katika mkate uliolowa, au mchwa wamejenga njia zao za udongo hadi kwenye linta, hapo hapana ubishi: ubao huo ung'olewe.

Kosa la pili ni la randa. Wilaya ya Busega imepakana na Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, na mvua zake huanza karibu na mwisho wa mwaka zikaendelea hadi Aprili au Mei. Wakati huo ubao hufyonza mvuke wa hewa ukavimba. Hauvimbi kwa urefu wake, bali kwa upana, kukatiza nyuzi. Ubao wa kawaida wenye upana wa milimita 100, unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 18, waweza kuongezeka kiasi cha milimita moja na nusu. Dirisha linakwama. Mwenye nyumba humwita fundi mwezi Machi, fundi hupiga randa mpaka dirisha lifunge vizuri, wote wawili wakaridhika. Ifikapo Agosti ubao umenywea, na pembeni umebaki mwanya ambao mbu hupita bila kuinama. Dirisha lililokwama kwa mvua lingojewe likauke. Likikwama na wakati wa kiangazi, hapo ndipo lirandwe. Mninga, ambao madirisha mengi ya zamani yalitengenezwa kwao, unasifika kwa kuvimba na kunywea kidogo kuliko miti mingi. Ndiyo sababu miimo yake isitupwe ovyo. Mti wa mninga huchukua miongo mingi kukomaa, na ubao wa namna ile haununuliki tena kwa urahisi.

Mbu wametajwa, na hapa ndipo penye uzito zaidi kuliko sura ya nyumba. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low walikaa katika kibanda chenye wavu kwenye kila uwazi huko Ostia, karibu na Roma, mahali palipoogopwa kwa malaria. Kila siku waliingia ndani kabla ya jua kuchwa, na majira ya homa yalipita pasipo wao kuugua. Katika utafiti uliofanywa Gambia na kutangazwa mwaka 2009, nyumba zilizowekwa wavu madirishani na milangoni, na uwazi wa chini ya paa ukazibwa, zilikutwa na mbu pungufu kwa zaidi ya nusu, na upungufu wa damu ulionekana kwa watoto wachache zaidi. Kwa hiyo fedha zikiwa chache, wavu utangulie alumini, na mwanya ulio kati ya mwimo na ukuta uzibwe kwa plasta.

Haina maana kwamba alumini ni mbaya. Mchwa hawaili, wala haiozi. Lakini dirisha la kusukuma kwa pembeni hufunguka nusu tu. Dirisha la mbao lenye bawaba, la mita 1.2 kwa mita 1.2, lafungua eneo la mita za mraba 1.44, la kusukuma lenye vipimo hivyohivyo lafungua 0.72. Halafu vioo vikubwa huletwa bila kufikiria jua. Kalemela iko takriban nyuzi 2 kusini ya Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huinama kaskazini kiasi cha nyuzi 25 na nusu hivi, na upenu wa sentimita 60 tu, ukianzia juu ya dirisha hilo la mita 1.2, hutosha kulitia kivuli lote. Wanafunzi na wahakikishe kwa tanjenti. Upande wa magharibi hesabu hiyo haisaidii, maana jua la jioni huingia chini ya upenu wowote. Huko ubao wa kufunga ni bora kuliko kioo.

Limebaki jambo la hatari, nalo ndilo lisilozungumzwa. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa risasi. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu risasi nyeupe mwaka 1921, na Marekani ikapiga marufuku rangi zenye risasi majumbani mwaka 1978, lakini katika nchi nyingi ziliendelea kuuzwa. Jicho haliwezi kuitambua. Msasa mkavu huigeuza kuwa vumbi, mtoto hulamba vidole, na risasi hudhuru ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Basi ubao ulowanishwe kwanza, upigwe msasa ukiwa na maji, watoto na mama wajawazito wasiwepo, na mabaki yafungwe yakazikwe mbali na kisima. Rangi isichomwe kwa moto.

Tena, katika nchi ya Wasukuma kuni ni shida ya miaka mingi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulianzishwa mwaka 1986, wakati Bariadi ikiwa ndani ya mkoa huo, kwa sababu ya kuisha kwa miti. Mahali pa namna hiyo miimo iliyong'olewa haikai uani hata wiki moja. Huishia mafigani, chini ya sufuria ya ugali, na moshi wake huwafikia kwanza wale waliokaa karibu na moto.