Fundi, Sogeza Kidogo Tu

Miaka kadhaa iliyopita nilimjengea mama yangu nyumba ndogo Kilwa Kivinje, mwenyewe nikiwa Dar es Salaam. Boma lilikuwa limefika kwenye lenta nilipompigia fundi simu kumwomba ahamishie choo upande wa pili. Jamaa mmoja alikuwa ameniambia kwamba kikikaa pale upepo unapotokea, harufu itaingia ndani. "Ni kusogeza kidogo tu, mzee," nikasema. Alinyamaza, kisha akajibu, "Mwanangu, hapo bomba limeshapita na zege limeshakauka. Lakini kama ndivyo unavyotaka, tutavunja." Nikafurahi kwamba nimepata fundi msikivu. Kazi ilipokwisha nilimlipa hela ileile tuliyopatana tangu msingi, naye hakudai zaidi. Baadaye sana mama ndiye aliyenieleza kwamba zile siku tatu za kuvunja na kujenga upya, fundi aliwalipa vibarua wake kutoka mfukoni mwake.

Tunawasema sana mafundi. Huchukua advansi wakapotea, hushika kazi tatu kwa pamoja, humaliza saruji kabla ya wakati. Mengi ya hayo ni kweli na yameumiza watu. Ila fundi naye ana yake, na hayasikiki kwa sababu akilalamika anakosa kazi inayofuata. Kutoka Somanga hadi Mchinga ukikaa na mafundi jioni utasikia hadithi zinazofanana. Mwenye nyumba kaona kwenye simu paa la kujificha, analitaka juu ya boma lililopimwa kwa paa la kawaida. Hajui, au hataki kujua, kwamba hapo ukuta unapanda kozi kadhaa na maji ya mvua lazima yatafutiwe njia nyingine. Mwingine anataka dirisha lipanuliwe baada ya plasta. Wa tatu anasema, "Si tumekubaliana nyumba nzima? Basi na kibaraza kimo."

Nadhani hapo kwenye "nyumba nzima" ndipo tatizo lilipo. Wengi wetu hatumlipi fundi kwa kutwa. Tunapatana bei moja ya ufundi kuanzia msingi hadi kupaua, mara nyingi kwa mdomo, tumesimama kwenye kiwanja kitupu. Kuanzia siku hiyo kila badiliko ni la bure kwa anayeagiza, na gharama yake yote humwangukia anayetenda. Laiti ningekuwa nalipa kwa siku, ningefikiri mara mbili kabla ya kugusa choo. Sikuwa mkorofi, sikuwa tu na sababu ya kujizuia. Ndiyo maana siamini kwamba kuhimizana utu kutatosha. Watu wema kabisa huagiza mambo ya kuumiza pale ambapo kuagiza hakuna bei.

Sheria haijamtupa fundi, ila imemweka pembeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtazama mwajiriwa, naye fundi anayejitegemea si mwajiriwa wa mwenye nyumba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano ya mdomo, kwa hiyo anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai. Lakini atathibitisha nini? Kwamba Machi tulisema mlango mmoja na Juni nikataka miwili?

Wapo wanaosema karatasi italeta baridi kati ya watu. Pwani yetu ni ya kujuana: fundi ni mjomba wa mtu, kiwanja ni cha shemeji, na ukimtolea ndugu mkataba aweke sahihi ataona humwamini. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu nimeona kazi nyingi zikikamilika kwa neno la mtu tu. Lakini nimeona pia undugu ukigeuzwa punguzo la bei, na punguzo hilo siku zote hutoka upande wa fundi. Wahenga wa pwani hii hii walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa watu wasioaminiana.

Isitoshe, kuandika si jambo geni kwa fundi wa Kilwa. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Wakazi wa visiwa vile walishiriki, na katika kazi ya namna ile ukuta hupimwa na kupigwa picha kabla jiwe halijaguswa. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa msikiti wa karne ya 11, tunashindwaje kwa choo cha mama?

Mfano ungeanzia serikalini, kwa kuwa serikali nayo ni mteja mkubwa wa mafundi hawa. Mwaka 2021, katika mpango wa UVIKO-19, nchi nzima ilijenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, mengi kwa mafundi wa jamii kupitia utaratibu uliozoeleka kwa jina la fosi akaunti. Fundi hupatana bei ya ufundi, vifaa hununuliwa na kamati. Vifaa vikichelewa anakaa akisubiri na vibarua wake, na tarehe ya kukabidhi iko palepale. Mkataba wa namna hiyo unapaswa kutaja siku ya kusubiri inalipwa na nani. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu pale Somanga, swali hilo lilimhusu kila mwenye ujenzi kusini mwa pale.

Sidai wanasheria. Nusu ukurasa wa daftari unatosha: nini kinajengwa, kwa kiasi gani, malipo yatoke kazi ikifika wapi, na kwamba badiliko lolote litajwe bei kabla nyundo haijainuliwa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya mjumbe.

Yule fundi nilimtafuta, nikamlipa zile siku tatu. Mwaka jana nilimpa tena kazi, safari hii banda la jiko. Katikati ya ujenzi nilimpigia kumwambia mlango naona mwembamba, apanue kidogo tu. "Sawa mwanangu, subiri nikuandikie bei," akasema. Baada ya muda kidogo ikaja picha ya ukurasa wa daftari: tofali za kuvunja, lenta mpya, vibarua wawili, siku mbili. Chini kabisa, jumla. Nikaitazama ile jumla, nikampigia kumwambia mlango aache kama ulivyo.