Wabuni wa tovuti wasituharibie majina

Majuzi mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alinijia ofisini akiwa ameghadhibika. Alikuwa amejaribu kuomba kazi kupitia tovuti ya shirika moja, na kila alipoandika jina la babaye, Ng'ang'a, fomu ilimjibu kwa maandishi mekundu kwamba jina hilo si halali. Hatimaye aliandika Nganga. Kitambulisho chake kilipokaguliwa, maombi yakatupwa kwa kuwa majina hayakuoana.

Yafaa ieleweke kwamba alama hiyo si pambo. Katika Kiswahili, kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ilhali ngoa ni wivu au tamaa. Wakikuyu, Wajaluo na Wakalenjin nao huiandika sauti hiyo kwa namna iyo hiyo. Anayeifuta amebadilisha jina la mtu.

Je, kwa nini fomu huikataa? Katika lugha zinazotumiwa kuamrisha hifadhidata, alama hiyo hiyo huonyesha mahali maandishi yanapoanza na yanapokoma. Msimbo ukiandikwa kwa uzembe, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuichopeka alama hiyo, kisha akaongeza amri zake mwenyewe na kuiba kumbukumbu zote. Dawa inajulikana tangu zamani: amri itengwe na data, ili lolote analoandika mtumiaji lichukuliwe kuwa maandishi tu. Lakini mbuni asiye na ujuzi wa kutosha hukimbilia njia ya mkato, akaipiga alama marufuku. Ni sawa na bawabu anayewafungia wenye nyumba nje kwa sababu wezi nao hupitia mlangoni.

Kuna tatizo la pili. Alama iliyonyooka na ile iliyopinda ni herufi mbili tofauti machoni pa kompyuta, na simu nyingi huipinda bila kumwuliza mwenyewe. Basi mtu husajiliwa kwa moja, akatafutwa kwa nyingine, akaambiwa hayumo. Mbuni hodari huzioanisha kabla ya kuhifadhi chochote.

Hata hivyo, si haki kuwatwika wabuni lawama yote. Nimewahi kuitwa mara kadhaa kusahihisha Kiswahili cha tovuti, na kila mara niliitwa siku za mwisho. Mteja alikuwa ameshinda majuma akibishania rangi na ukubwa wa nembo, huku kurasa zikiwa zimejazwa Kilatini kisichosomeka, kile ambacho wabuni hukitumia kushikilia nafasi. Lugha ilifikiriwa fedha zilipokwisha. Mteja wa aina hiyo hajui kuuliza kama fomu itampokea Ong'ondo au Ng'eno, na mbuni anayeharakishwa hana sababu ya kumkumbusha.

Hapana budi sharti hilo liandikwe katika mkataba, na fomu ijaribiwe kwa majina ya Wakenya halisi kabla ya malipo ya mwisho kutolewa. Nasi wanaisimu tujilaumu kidogo. Tumebishana miaka mingi kama isemwe tovuti au wavuti, wala hatujavuka ua kwenda kuzungumza na wenzetu wa idara ya kompyuta.

Mwanafunzi wangu ameliandikia shirika hilo barua ya malalamiko, kwa kalamu na karatasi. Hadi ninapoandika haya, hajajibiwa.