Nguo ya Idi na Tovuti ya Mteja

KIBARAZANI
Na Bi Mwanakombo

Kumi la mwisho la Ramadhani, ukipita kwa mafundi cherehani wa Kariakoo au nyuma ya soko la Darajani, utasikia mazungumzo yaleyale ya kila mwaka. Mteja anaulizia kanzu yake. Fundi, mguu ukiwa bado kwenye pedeli, anajibu bila kuinua macho: "Njoo kesho baada ya Alasiri." Kesho ikifika kitambaa kimo ndani ya mfuko uleule, kimekunjwa vilevile, hakijaguswa hata na chaki. Mteja hupandisha hasira, na wala si kwa ajili ya siku moja iliyopotea. Kinachomchoma ni kwamba fundi alijua tangu jana.

Yuko fundi mwingine asiye na cherehani wala baraza. Kazi anaifanyia chumbani, kompyuta iko juu ya meza ya plastiki, feni inampuliza kisogoni, simu imewashwa intaneti pembeni kwa sababu ya nyumbani haiaminiki. Huyu hujengea watu tovuti. Hana bosi wala sare. Leo ana mteja wa hoteli, mwezi ujao ana mteja wa duka la vipuri. Watu wakimlalamikia, ni nadra kusema hajui kazi. Husema: "Hapokei simu."

Kuhusu ufundi wenyewe vijana hawa hawahitaji kufundishwa na safu hii. Wengi wamejifunza usiku kwa bando la kuungaunga, na wamefika mbali. Wanachopungukiwa ni tabia moja ndogo inayobeba mzigo mkubwa kuliko rangi na herufi zote: kusema mapema.

Chukua mwenye nyumba ya wageni ya vyumba sita pale Paje. Amelipa nusu ya fedha mwezi wa Machi ili tovuti iwe hewani kabla ya Juni, watalii wanapoanza kumiminika. Wiki ya kwanza alitumiwa picha ya ukurasa wa mbele, akafurahi, akawaonyesha na majirani. Wiki ya pili kimya. Ya tatu kimya. Kanzu ambayo haijashonwa unaweza kuifuata, ukaiona kwa macho mezani kwa fundi na kujua cha kugombana. Tovuti ambayo haijakamilika haionekani popote. Kwa mteja, siku ambayo fundi amehangaika saa tisa na kosa moja lililojificha na siku ambayo amekwenda ufukweni zinafanana kabisa. Neno la fundi ndilo pekee linalozitenganisha, na neno hilo lisipotumwa mteja hujaza pengo mwenyewe. Hulijaza kwa mabaya.

Kusema mapema ni rahisi mambo yakiwa mazuri. Uzito wake hupimwa siku ya balaa, na kwa hilo kuna kisa ambacho kila anayegusa seva angekisoma mara moja kwa mwaka.

Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao, alikuwa akipambana na seva iliyolemewa. Usiku ulikuwa umekwenda, amechoka. Akazichanganya seva mbili, akafuta data kwenye ile iliyokuwa hai. Alipozinduka na kuisitisha amri, sekunde chache tu baadaye, kati ya takribani gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakakimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama walivyodhani. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule alikuwa ameichukua yapata saa sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine kabisa.

Kampuni ile ilikuwa na kila sababu ya kujificha nyuma ya maneno kama "matengenezo ya kawaida". Haikufanya hivyo. Iliuweka hadharani waraka wake wa kazi, kila mtu akasoma wanajaribu nini na nini kimegoma. Urejeshaji wa data ukarushwa moja kwa moja YouTube. Baadaye wakaitaja hasara kwa hesabu: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na akaunti kama 700 za watumiaji. Jina la mhandisi halikurushwa kwa umma ulionuna. Kwenye waraka aliitwa mfanyakazi namba moja tu. Watu walikasirika, na haki yao. Lakini kutoka kwa mafundi wenzao wa nchi mbalimbali zilimiminika salamu za pole, jambo ambalo tangazo la "matengenezo ya kawaida" halijawahi kulipata.

Fundi wa peke yake hana waraka wa hadharani wala kamera. Anayo WhatsApp, inatosha. Mistari mitatu: kimetokea nini, kimegusa nini, atarudi na habari lini. Umeme kukatika ni sababu ya kweli, nani asiyeyajua mambo ya umeme wetu? Ila sababu iliyotajwa saa ileile ulipokatika ni taarifa, na iliyotajwa siku ya nne ni kisingizio, hata kama maneno ni yaleyale.

Kusema mapema kunahusu hata saa. Anayezungumza Kiswahili anaishi na saa mbili kichwani: ile ya jua, ambayo saa mbili ni asubuhi watoto wakiwa wameshaingia darasani, na ile ya kwenye skrini inayosema 8:00. Mteja wa Hamburg akiandika "saa 2" kwa Kiswahili chake cha kujifunza, anamaanisha ipi? Kisha Ulaya husogeza saa zake Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, wakati Afrika Mashariki haigusi mshale. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na kwa saa mbili wakati wa joto. Na aliye Unguja akifanya kazi na ndugu wa Muscat akumbuke kwamba kule mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi tangu 2013, lakini ng'ambo ya mpaka, Dubai, ni Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku. Fundi mwangalifu huandika "Jumanne saa 4 asubuhi kwetu, yaani 8:00 kwenye skrini zenu" na kuongeza tarehe kwa jina la mwezi, maana 03/04 ni Aprili kwetu na ni Machi kwa Mmarekani.

Sasa tuje kwenye neno lililowafilisi wengi: "kidogo tu".

"Kaka, hapo niongezee kitufe cha WhatsApp, kidogo tu." Kinaongezwa. "Na Kiitaliano, wageni wetu wengi Waitaliano." Kinaongezwa, fundi akiwa ameanza kununa. "Na mgeni aweze kulipia chumba hukohuko." Hapa fundi, aliyetoza bei ya kurasa tano, anajikuta anajenga mfumo wa malipo bure. Hasemi. Anavimba. Halafu anaanza kuchelewa kujibu, mteja anaanza kulalamika, na wote wawili wanaamini wamedhulumiwa. Ukiwauliza, kila mmoja ana haki, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kitu. Ilikuwa fundi aseme pale kwenye Kiitaliano: hili halimo kwenye makubaliano, litaongeza siku kadhaa na kiasi fulani, niendelee? Mteja akikubali, heri. Akikataa, nalo ni jibu.

Steve Jobs, alipohitaji nembo ya kampuni yake mpya, NeXT, mwaka 1986, alimwendea Paul Rand, mzee aliyekuwa ameshachora nembo ya IBM. Malipo yalikuwa dola 100,000. Jobs alisimulia miaka kadhaa baadaye kwamba alimwomba michoro kadhaa ili achague. Rand akamkatalia: angelitatua tatizo lake na angelipwa, autumie mchoro ule au asiutumie, hiyo ni shauri yake, akitaka vya kuchagua akazungumze na watu wengine. Kijana wa Temeke akijibu hivyo, mteja atanyanyuka na kahawa yake. Rand alikuwa na jina, na jina hununua jeuri. Cha kuchukua kutoka kwake ni wakati aliosema neno lake. Alilisema kabla penseli haijagusa karatasi.

Kuandikiana watu hukuona kama kutoaminiana, hasa wakiwa wa mtaa mmoja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Taabu ni kuyathibitisha wakati kila mmoja anakumbuka lake. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, kurasa ngapi, marekebisho mara ngapi, fedha lini. Jijini New York walifika mahali pa kulifanya hili kuwa amri: tangu Mei 15, 2017 anayempa fundi wa kujitegemea kazi ya dola 800 au zaidi lazima waandikiane, na kama hakuna tarehe waliyopatana, malipo yatoke ndani ya siku 30 baada ya kazi kukamilika. Hawakutunga sheria hiyo kwa kupenda makaratasi. Walichoka kuona mafundi wanazungushwa.

Kudai, kwetu, kuna haya. Fundi hufanya kazi ya shangazi kwa bei ya undugu, kisha anaona aibu kuukumbusha hata huo undugu. Dawa ya haya ni tarehe. Ankara iliyotumwa siku ileile kazi ilipokabidhiwa, ikiwa na siku ya mwisho ya kulipa na namba ya kulipia, haina uso wa mtu ndani yake. Inayotumwa miezi miwili baadaye, saa tano usiku, kwa ujumbe wa sauti wenye pumzi nzito, ni ugomvi. Na kianzio kiombwe bila kujikunakuna. Hata posa ina kishika uchumba.

Liko jambo moja ambalo safu hii haina simile nalo. Mafundi wengine husajili jina la tovuti, hilo la .com au .co.tz, kwa majina yao wenyewe, kisha wakikosana na mteja huizima tovuti au huketi juu ya nywila. Huo ni utekaji, hata kama mteja anadaiwa kweli. Deni lina njia zake za kudaiwa. Jina la biashara ya mtu lisajiliwe kwa jina lake na kwa barua pepe yake, siku ya kwanza.

Sababu nyingine ya kusajili hivyo ni usahaulifu wa kawaida tu. Mkesha wa Krismasi 1999, watumiaji wa Hotmail walikwama kuingia kwenye barua zao kwa kuwa Microsoft, kampuni yenye mawakili wa kujaza uwanja, ilikuwa imesahau kulipia upya jina la passport.com. Mwandishi wa programu wa Nashville, Michael Chaney, aligundua, akalipa dola 35 kwa kadi yake mwenyewe, huduma ikarejea. Microsoft ilimtumia hundi ya dola 500 ya shukrani. Siku hizi, kwa majina ya kimataifa kama .com, kanuni zinawataka wasajili watume vikumbusho angalau viwili kabla jina halijaisha, kimoja yapata mwezi kabla na kingine yapata wiki. Vikumbusho hivyo vinaingia kwenye barua pepe ya nani? Kama ni ya fundi aliyekwisha kuhamia Arusha na kubadili anwani, nyumba ya wageni ya Paje itajua siku wageni watakapopiga simu kuuliza kama imefungwa.

Vivyo hivyo picha za pasipoti za wageni zinazopita kwenye fomu za tovuti. Hazina kazi yoyote ndani ya simu ya fundi. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

Mteja naye asijione malaika. Yuko anayetaka tovuti kwa wiki mbili, kisha akakaa na picha na maneno ya "Kuhusu Sisi" kwa miezi mitatu. Yuko anayepiga simu Jumapili saa moja asubuhi kubadili kijani kiwe "kijani cha uhai zaidi". Fundi akisema tangu mwanzo kwamba siku za kazi zinaanza kuhesabiwa picha zikishafika, nusu ya maradhi haya hupona. Saa za kupokea simu zitangazwe vilevile, na zitangazwe hata nyumbani, kwa mama anayeamini kwamba mtoto aliyekaa na kompyuta mchana kutwa hana kazi na anaweza kutumwa mkaa.

Kuna mafundi cherehani wachache, na wanajulikana, ambao kumi la pili la Ramadhani likimalizika hubandika karatasi mlangoni: HATUPOKEI TENA NGUO ZA IDI. Wateja hunung'unika, wengine husonya, wakavuka barabara kwa fundi wa pili anayepokea kila kitu. Usiku wa kuamkia Idi, taa ya huyu wa pili inawaka mpaka alfajiri na watu watano wamesimama mlangoni pake wakigombea mkasi. Wa kwanza ameshafunga duka, yuko msikitini kwenye takbiri, amevaa kanzu yake.