Gari lisiinuliwe kabla ya kupimwa

Kila msimu wa masika unapokaribia, huzuka katika miji yetu midogo maradhi ya kuinua magari. Mwenye pikapu kuukuu huipeleka kwa fundi wa jua kali, akataka ipandishwe juu, itiwe matairi makubwa, na irejee nyumbani ikiwa imesimama kama twiga. Jioni hiyo majirani huizunguka wakaisifu. Hakuna aulizaye imeinuliwa kwa nini, kwa kiasi gani, wala kwa gharama ya kitu gani. Leo nataka kuyauliza maswali hayo. Sitayauliza kama mtu aliyesimama kando akiwacheka wenzake, kwani nami niliugua maradhi hayo, na nusura yaniponze.

Mimi ni mwalimu. Pikapu yangu iliundwa katika miaka ya 1980. Huendeshwa kwa magurudumu yote manne, na ekseli zake mbili, ya mbele na ya nyuma, hubeba springi za mabamba. Shule ninakofundisha imo katika nyanda za Kajiado, penye udongo ule mweusi ambao kiangazi huupasua nyufa na mvua huugeuza gundi. Malori hupita yakachimba mifereji miwili mirefu, na baina ya mifereji hubaki tuta. Si mara moja wala mbili pikapu yangu ilikalia tuta hilo kwa kikombe cha difu, magurudumu yakizunguka bure, nami nimepakata karatasi za mtihani wa majaribio huku watahiniwa wakinisubiri.

Nilipomweleza fundi shida yangu, hakufikiri sana. "Mwalimu, dawa ni kuliinua," alisema. Nilinunua matairi ya inchi 33 mahali pa yale ya 235/75R15 yaliyokuwapo. Maadamu hayakuenea ndani ya madigadi, fundi alitia vipande vya chuma vya inchi 4 baina ya ekseli na springi, mbele na nyuma, akakaza yubolti ndefu, na kazi ikaisha kwa siku moja. Nilimlipa nikamshukuru. Simlaumu peke yake, kwa sababu alinipa nilichokitaka, na mimi niliyejua hesabu sikuifanya.

Wiki ya pili nilikuwa nateremka mlima mdogo ulio karibu na soko. Mtoto wa shule alikatiza barabara akimfuata mbuzi. Nilikanyaga breki kwa nguvu ile ile niliyoizoea kwa miaka mingi, lakini gari halikusimama pale nilipozoea lisimame. Usukani ulivuta upande wa kushoto, pua ikainama, na pikapu ikaja kutua ikiwa imempita mtoto yule kwa umbali usiozidi hatua moja. Alikuwa amevaa sare ya shule yetu. Aliniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha akaendelea kumfukuza mbuzi wake. Mimi nilikaa ndani ya gari muda mrefu, mikono ikitetemeka.

Usiku huo nilichukua kalamu na karatasi, nikafanya hesabu ambayo ningempa mwanafunzi wa kidato cha pili. Tairi la 235/75R15 lina kipenyo cha milimita 733 hivi. Tairi la inchi 33 lina milimita 838. Hiyo ni ziada ya asilimia 14. Maana yake ni kwamba gurudumu likizunguka mara moja, gari ambalo hapo awali lilikwenda meta 2.30 sasa linakwenda meta 2.63. Kipimamwendo hakina habari ya mabadiliko hayo. Kinaposema kilomita 80 kwa saa, mimi kwa hakika naenda 91. Nilikuwa nakimbia nikidhani natembea.

Aidha, breki hushika karibu na kitovu cha gurudumu, ilhali barabara hushikwa ukingoni. Kadiri nusu kipenyo cha tairi kinavyokua, ndivyo nguvu ile ile ya breki inavyofika barabarani ikiwa imepungua. Kwa matairi yangu, kila nilipokanyaga kwa kipimo changu cha zamani nilipata pungufu ya asilimia 12 na nusu, bila kuhesabu uzito ulioongezeka wa matairi yenyewe. Injini nayo hupata taabu kama hiyo. Ikiwa difu ina uwiano wa 4.1, kwa matairi hayo gari huenda kama lenye uwiano wa 3.6. Ndipo nikaelewa ni kwa nini milima niliyokuwa nikiipanda kwa gia ya tatu ilianza kudai ya pili, na ni kwa nini klachi ilinuka.

Hata hivyo, jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa jingine. Nilidhani kwamba vyuma vile vya inchi 4 ndivyo vilivyoiokoa difu yangu na tuta la barabarani. La hasha! Difu imo katika ekseli, na ekseli imeshikamana na magurudumu. Ukitia vyuma juu ya ekseli, unainua chasisi, bodi na abiria; ekseli yenyewe hubaki pale pale. Kinachoweza kuinua difu ni tairi peke yake, nalo huiinua kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo chake. Matairi yangu ya inchi 33 yaliinua difu kwa milimita 52. Inchi 4 za chuma hazikuongeza hata milimita moja. Nilikuwa nimelipia kimo cha kutazamwa.

Kwa hiyo, msomaji, mpangilio wa fikira zetu ndio wenye kasoro. Wengi wetu huanza kwa kuuliza, "Nitaliinua gari inchi ngapi?" Swali la kwanza linapaswa kuwa, "Gari langu hukwama wapi, na kwa sehemu gani?" Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha tairi linalohitajika. Tairi likishajulikana, ndipo tuulize kiasi kidogo kabisa cha kuinua kitakacholiwezesha kuzunguka, kupanda na kushuka bila kugusa kitu. Kuinua ni mtumishi wa tairi, na tairi ni mtumishi wa njia. Tukiupindua utaratibu huo, tutakuwa tumenunua viatu kisha tukaenda kutafuta miguu ya kuvivaa.

Upimaji wenyewe hauhitaji mtambo. Gurudumu moja la mbele hupandishwa juu ya ukingo imara, springi ikabanwa hadi ekseli ikaribie kipande cha mpira kilichowekwa kuizuia isigonge chasisi. Hapo usukani hukatwa hadi mwisho, kulia na kushoto, na nafasi iliyobaki baina ya tairi na madigadi hupimwa. Kama tairi linagusa madigadi, kuinua kutasaidia. Kama linagusa springi usukani ukikatwa, hakuna kiasi cha kuinua kitakachoponya, kwa kuwa ugonjwa ni upana wa tairi au jinsi rimu ilivyokaa. Tairi jembamba lililo refu huleta kimo bila kuleta msuguano huo. Land Rover nyingi za kale zenye chasisi ndefu zilitembea kwa matairi membamba ya 7.50-16, na hazikuwa ngeni katika matope.

Njia za kuinua nazo hazilingani. Kuna kuinua bodi peke yake kutoka juu ya chasisi, jambo ambalo huongeza nafasi ya tairi lakini haliongezi mwendo wa springi. Kuna kurefusha vibanio vinavyoning'iniza mwisho wa springi. Ukivirefusha kwa inchi 2 unapata takriban inchi 1 ya kimo, lakini vikiwa mbele huipinda ekseli na kuufanya usukani uwe mwepesi na mtundu. Kuna kuongeza bamba moja katika springi za zamani, hatua ambayo huligeuza gari kuwa gumu kama mkokoteni lisipokuwa na mzigo. Kuna vyuma vya kutenganisha ekseli na springi, ambavyo nyuma huvumilika vikiwa vifupi na vimekazwa vizuri, lakini mbele havifai kamwe. Breki zikishika, ekseli ya mbele hutaka kujizungusha, na kipande kile cha chuma huwa wenzo unaoipindua springi. Nadhani ndicho kilichouvuta usukani wangu siku ile ya mtoto na mbuzi. Mwisho, kuna springi mpya zilizopinda zaidi, zilizochaguliwa kulingana na mzigo ambao gari hubeba kila siku. Hizi ndizo ghali, na ndizo za kweli.

Isitoshe, springi haziishi peke yake. Gari likipanda, shokomzoba za zamani huwa fupi, mipira ya breki hunyooshwa kama kamba ya kuanikia nguo, propela hupata pembe kali, na vyuma vya usukani huacha kulala sawa. Fundi anayeinua bila kuvitazama hivyo vyote ameifanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki itafanywa na barabara.

Kisha kuna jambo la kupinduka. Tuchukue mfano wa darasani. Gari lina upana wa meta 1.4 kutoka gurudumu hadi gurudumu, na kitovu chake cha uzito kiko sentimita 70 juu ya ardhi. Kwa hesabu, likiwa limesimama litaanza kupinduka mteremko wa ubavuni ukifika digrii 45. Kipandishe kitovu hicho kwa sentimita 10 tu, nalo litapinduka kwenye digrii 41. Likiwa katika mwendo, na limebeba magunia yaliyopangwa hadi juu ya paa, nafasi hiyo hupungua zaidi. Gari la mwalimu halibebi mwalimu peke yake.

Wapo watakaosema kwamba naogopa kivuli changu, kwani kila mwaka magari yaliyoinuliwa sana hupita mahali pagumu katika mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangia ujenzi wa ua wa Aberdare. Ni kweli, na ni fahari kuyatazama. Lakini magari hayo hutengenezwa upya kwa kazi hiyo, yenye vyuma vya kuwakinga waliomo yakipinduka, na waendeshaji wake hujua wamekwenda kufanya nini. Hayateremki penye soko saa kumi jioni watoto wakitoka shuleni.

Wengine watasema kwamba springi mpya ni ghali na mshahara ni mdogo. Nao nawaelewa, kwani mshahara huo huo ndio wangu. Walakini, rahisi huvunja upishi. Nililipia matairi ambayo baadaye niliyauza kwa hasara, nikalipia vyuma ambavyo sasa vinazuia mlango wa banda la kuku, kisha nikanunua springi nilizopaswa kuzinunua kwanza. Asiye na uwezo wa kuinua gari vizuri ana ruhusa ya kutoliinua. Tairi la kimo kinachoenea, lenye meno mazuri, pamoja na koleo na mbao mbili nyuma ya gari, humfikisha mtu mbali. Tusisahau pia kwamba Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haimruhusu mtu kuendesha barabarani gari ambalo hali yake ni ya hatari, na kwamba kampuni ya bima ina haki ya kuambiwa gari limebadilishwa.

Sasa naja kwa wenzangu walimu, na kwa wanafunzi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikusudia kuufunza mkono pamoja na akili. Mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka wa 2017, umekuja na ahadi inayofanana na hiyo. Lakini mimi nilifundisha mzingo wa duara kwa miaka mingi, nikachora magurudumu ubaoni, kisha nikaenda kwa fundi na kuiacha hesabu yangu darasani pamoja na chaki. Ikiwa elimu haimfuati mwalimu mwenyewe hadi gereji, tutamlaumu vipi mwanafunzi anayeuliza ina faida gani? Muhula uliofuata niliileta pikapu uwanjani. Wanafunzi waliipima kwa utepe, wakatafuta asilimia, wakakadiria kitovu cha uzito, wakabishana. Msichana mmoja ndiye aliyeniuliza swali ambalo fundi nami hatukuuliza: "Mwalimu, kwani ni kitu gani kilichokuwa kikigusa ardhi?"

Hii leo pikapu yangu ina matairi membamba ya inchi 31 na springi mpya zilizoiinua kwa inchi 2, pamoja na shokomzoba na mipira ya breki inayolingana nazo. Difu imepanda kwa milimita 27. Ni kidogo, lakini ni za kweli, na tuta lile la njiani napita nikilikwaruza tu. Kipimamwendo kikisema 80 najua kwamba ni karibu 86, nami huendesha nikikumbuka hivyo. Zipo siku za masika makali ambapo bado hukwama. Siku hizo huliacha gari, nikakunja suruali, nikaenda kwa miguu.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye gari kuukuu na alitunze, na akitaka kuliinua, aliinue kwa haja. Lakini kabla ya kwenda kwa fundi, na achukue utepe, kalamu na karatasi. Mtoto anayemfukuza mbuzi barabarani hajui gari linalokuja limeinuliwa kwa inchi ngapi. Ni sisi tunaopaswa kujua.