Dozi haina njia ya mkato

Kwa dereva wa daladala, kukata kona ni kupinda tu, na abiria wanafika salama. Lakini Mwingereza akisema mtu "cut corners", anamlaumu: ameruka hatua ili aokoe muda au fedha. Fundi aliyepunguza saruji amefanya hivyo, na mhasibu asiyehakiki hesabu vilevile. Kwa Kiswahili, huyo amelipua kazi.

Nyumbani, lawama hiyo huuma zaidi kwenye dawa. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Wengi hupata nafuu wiki chache tu baada ya kuanza: kikohozi kinapungua, hamu ya kula inarudi, na nauli ya kwenda kliniki inaanza kuonekana hasara. Baba anaacha vidonge. Kumbe vimelea vilivyobaki bado viko hai. Ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, naye akawaambukiza watoto anaolala nao chumba kimoja.

Mgonjwa akisema "nimeshapona", msimfokee. Mwulizeni kinachomkwamisha, mchangieni nauli, mkumbusheni saa ya kumeza. Wa kusema dozi imekwisha ni mhudumu wa afya.